Sauti Iliyokosa Shahidi wa Pili

La kijinga nililolifanya kwanza ni kuing'oa kengele ulimi. Mengine yote yalifuata hapo kama mbuzi wafuatavyo kamba.

Ilikuwa kengele ndogo ya umeme ya kufundishia sayansi, inayolia kwa betri. Nilikuwa nikiichezea katika chumba cha vifaa, na katika darasa lililo jirani mwalimu wetu alikuwa akisikiliza redio yake wakati wa mapumziko. Kila nilipoigusisha kengele betri, redio upande wa pili wa ukuta ilikoroma. Nikigusa, krrr. Nikiacha, kimya. Nilimsikia Mwalimu akiipiga redio kofi, akiigeuza, akiyalaumu mawingu. Nikauma kola ya shati nisicheke. Baadaye nikamwambia kengele imekufa, naye akasema nikaitupe.

Sikuitupa. Niliitoa bakuli lake la shaba na ulimi wake ili isilie tena, ikabaki inatetemeka tu kimya kimya kama mtu mwenye upele, nikaenda nayo nyumbani.

Mwalimu huyu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, kijana bado, aliyeletwa kwetu Amu, ndiyo Lamu, kutufundisha hesabu na sayansi. Alipanga chumba cha juu katika nyumba inayotazamana na yetu. Ujia uliopo kati ni mwembamba hata punda wawili hawapishani bila mmoja kukasirika. Redio ile aliiunda kwa mkono wake, na ili ikamate mbali alivuta waya kutoka dirishani kwake hadi juu ya paa letu, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo ndefu. Baba alimruhusu, kwa sharti kwamba waya usiguse kamba ya mama ya kuanikia nguo. Kwa hivyo mimi nikiwa darini, juu ya paa bapa la nyumba, ningeweza kuushika waya wa Mwalimu kama mtu anavyoshika mkia wa paka aliyelala.

Jioni baada ya maghribi, watu wakiwa msikitini wanangojea isha, Mwalimu hukaa na redio yake. Nikapanda. Nikaiweka kengele chini ya waya, nikashika betri zake kuukuu alizozitupa jalalani, nikaanza kugusa na kuacha.

Nilipiga nini? Nilipiga twari. Mkono wangu haukujua kitu kingine. Twari ni ile ngoma ya duara ya Maulidi, na baba ni mmoja wa wapigaji wake. Mtoto wa Amu huujua mdundo huo kabla hajaijua alifu. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, ta-ta. Kisha tena. Ila Mwalimu, kila Maulidi yanapofika, huwa ameshakwenda kwao bara likizo. Hakuwahi kuusikia.

Nilitarajia kesho yake aingie darasani na fimbo aulize ni mbwa gani anayemchezea redio. Aliingia macho mekundu, mpole, akasahau kutupa kazi ya nyumbani. Hilo peke yake lilinitia hofu. Darasa lilipotoka akaniita, akafunga mlango.

"Jana jioni hukusikia kitu juu ya nyumba yenu?"

"Paka, Mwalimu."

"Mimi nimesikia kitu kwenye redio. Si stesheni. Si radi. Kinahesabu." Akagonga meza kwa kidole, tatu, tatu, mbili. "Radi inaweza kuhesabu?"

"Radi ya huku kwetu haikusoma, Mwalimu."

Hakucheka. Akanieleza kwamba kuna wataalamu katika nchi kubwa wenye masikio ya chuma makubwa kama uwanja wa mpira, wanasikiliza mbinguni usiku na mchana, wakingoja mtu wa huko aseme neno. Nyota ni nyingi, akasema, kwa nini wenye akili tuwe sisi tu? Nilitaka kumwambia kwamba hata sisi si wote, lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka.

"Usimwambie mtu. Hata mamako."

"Kwa nini, Mwalimu? Si habari njema?"

"Hujui kama ni njema mpaka ujue ni ya nani. Nikisema leo na kesho ikawa si kweli, nitachekwa mpaka kaburini. Na ikiwa ni kweli, bandari hii itajaa manowari kabla ya mwezi kuisha, kila dola ikitaka kujibu yenyewe. Mpaka nihakikishe, ni mimi na wewe."

Mzaha hufanywa ili watu wacheke. Wangu mimi ulifungiwa chumbani siku ile ile ulipozaliwa, na aliyeufunga ndiye aliyefanyiwa. Hata hivyo jioni ile nikapanda tena. Na iliyofuata. Kila asubuhi Mwalimu ananinong'oneza, "Wamekuja," na mimi nasema, "Alhamdulillahi, Mwalimu." Alianza kuchana nywele vizuri. Alianza kuwasamehe wavivu. Furaha yake ikawa inanikaa kifuani kama tonge lisilotafunwa, na kila nilipotaka kulitapika nilimwona anavyotembea, nikalimeza.

Kilichoitoboa siri si mdomo wangu. Ni betri. Redio ile ilikuwa inakula betri kama mjane anavyokula tende wakati wa futari, na mwenye duka akauliza barazani, huyu Mwalimu anamulika nini? Na hiyo ilikuwa miaka ya shifta, wale waasi wenye silaha wa mpakani. Watu wa vijiji vya ng'ambo walikuwa wamekimbilia visiwani na magodoro vichwani, na polisi walikagua mashua hata zilizobeba maboga. Katika miaka hiyo mtu wa waya na betri nyingi hakai sana bila wageni.

Sajini alikuja mchana, wakati Mwalimu anarudi shule. Walisimama chini ya waya, ujiani, na mimi nimeketi dakani kwetu, kwenye kibaraza cha mlangoni, na kitabu.

"Huu waya unasema au unasikia?" akauliza sajini.

"Unasikia tu, Afande."

"Na anayesema ni nani?"

Mwalimu akainua macho kwenye waya. "Bado sijui."

"Hujui. Unanunua betri nyingi kuliko kituo changu, unasikiliza kila jioni, na hujui unamsikiliza nani." Sajini hakupaza sauti. Aliuvuta waya kidogo kwa kidole, ukalia. "Ijumaa kuna mashua ya serikali inakwenda Mombasa. Kabla ya Ijumaa niletee jina la huyo anayesema. Huna jina, utapanda wewe na redio yako, ukaulizwe na watu wasio na subira kama yangu."

Jina nilikuwa nalo mimi. Nililiona limeandikwa kwenye jalada la kitabu nilichokishika, na nilikuwa nimekishika juu chini. Nikasema moyoni, jioni nitamwambia. Jioni ikafika, na kabla sijavaa viatu Mwalimu akabisha hodi kwetu, si kuniona mimi. Alikuja kumwona baba.

Hapa sina budi nieleze habari za baba. Kazi yake ni kushona kofia, lakini mjini hajulikani kwa kofia. Anajulikana kwa mwezi. Ramadhani ikikaribia kuingia au kutoka, watu wote huangalia mbinguni na nusu yao huuona mwezi kwa njaa tu. Kadhi hawasikilizi. Hutaka mashahidi wawili waadilifu, humwita kila mmoja peke yake, akamuuliza pembe zimeelekea wapi, uko juu kiasi gani, umeuona kabla ya wingu au baada yake. Baba amekuwa shahidi huyo tangu sijazaliwa. Mwaka mmoja vijana wa mitaa miwili waliapa kwamba wameuona, baba akasema yeye hakuona kitu, na mji mzima ukafunga siku moja zaidi kwa kutoona kwake. Hatuna shamba wala jahazi. Tuna neno la baba.

"Mzee," Mwalimu alisema, "mwaka jana niliona mlivyofanya habari ya mwezi. Kwetu mtu akiona kitu angani anakimbia na kupiga kelele. Ninyi mnaketi, mnauliza. Nimeipenda kanuni yenu, na sasa ninaihitaji."

Akamweleza yote. Baba alikuwa ana kofia gotini na sindano mkononi, akiendelea kudunga, mpaka Mwalimu alipofika kwenye nyota, sindano ikasimama.

"Bwana Mwalimu, mimi mambo ya nyaya siyayui."

"Huhitaji kujua nyaya. Unasikia tu, unasema ulichosikia. Mimi Afande hatanisadiki. Lakini wewe ukienda kwa kadhi na kadhi akaenda kwa mkuu wa wilaya, nani Amu atabisha?"

"Kinalia vipi?"

Mwalimu akagonga kwenye baraza. Baba amepiga mdundo ule tangu utotoni. Angekuwa amelala angeujua. Lakini Mwalimu, Mungu ambariki, aligonga kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe: anagonga, anajuta, anagonga tena. Baba akainamisha kichwa. Akamwambia arudie. Akarudia, vibaya zaidi.

"Sikufahamu kitu," baba akasema. "Kesho baada ya maghribi n'takuja nisikie kwa mashikio yangu. Simshuhudilii mtu kwa kugongewa."

"Na kijana huyu aje. Yeye anajua tangu siku ya kwanza. Ndiye shahidi wa pili."

Baba akanitazama kama mtu aliyekuta kiatu ndani ya chungu. "Huyu? Huyu akikwambia mvua yanya, toka nde kwanza."

Sikulala vizuri. Nikipanda darini nikapiga, baba ataujua mdundo kabla sijafika mzunguko wa pili. Nisipopiga, redio itanyamaza, baba ataondoka, na Ijumaa Mwalimu atapanda mashua. Kulikuwa na njia nyingine: nibadilishe mdundo, nipige kitu ambacho hakuna anayekijua. Hapo baba angesikia, angeamini, angesimama mbele ya kadhi na neno lake lote, akashuhudia kengele ya shule. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, na ndiyo niliyoifikiria kwa muda mrefu kuliko zote.

Kesho yake sikupata hata nafasi ya kuchagua. Baba alipotoka msikitini alinishika mkono wa kanzu ujiani, akanipandisha ngazi za Mwalimu mbele yake kama gunia.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, taa ya chemli na redio. Mwalimu alimpa baba kiti, yeye akaketi kitandani, mimi sakafuni. Akawasha. Redio ikatoa mvumo wake wa siku zote, kama mchele unaopepetwa mbali. Tukangoja. Mwalimu akamtazama baba, akatabasamu. Tukangoja tena. Tabasamu likaanza kumpungua.

"Huja wakati huu huu," akasema.

"Hatuna haraka," baba akasema.

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa ninayo maneno yote mdomoni, nimeyapanga: Mwalimu, ni mimi, ni kengele. Nilivuta pumzi niyaseme. Hapo ndipo iliposikika.

Haikukoroma krrr. Ilikuwa tk. Ndogo sana. Kisha tk. Kisha tk, kama tone linaloanguka ndani ya birika, tangi la maji la chooni, wakati nyumba nzima imelala. Nikadhani ni taa. Baba akainua mkono tunyamaze, nasi tulikuwa tumekwisha nyamaza. Ikaja juu polepole, ikawa wazi kabisa, ikashuka, ikapanda tena, lakini nafasi kati ya tk na tk haikubadilika hata kwa unywele. Mimi niko hapa. Kengele iko darini. Betri nimezifungua mwenyewe mchana nikazitia chini ya mkeka.

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Baba alikuwa amefumba macho, kidole chake kinafuata gotini kama afanyavyo akiwasikiliza wapigaji wageni kwenye Maulidi.

"Huyu apigaye hachoki," akasema taratibu. "Mkono wa mtu huchoka."

Ikaendelea mpaka mwadhini akaanza adhana ya isha. Kisha ikafifia ndani ya mvumo, tusijue iliishia wapi.

Baba akafumbua macho. Sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa kama mtoto aliyeamshwa. "Nimesikia," akasema. "Kesho n'takwenda kwa kadhi nimwambie nimesikia."

Mwalimu akafunika uso. Nadhani alikuwa analia.

Basi baba akanigeukia, akaniuliza kama kadhi anavyomuuliza yeye, bila hasira wala mzaha. "Wewe ndiwe wa pili. Sauti hii, ndiyo ile ya siku zote?"

Ningeweza kuitikia. Neno moja tu, na Mwalimu angebaki Amu, na mji ungepata habari ambayo hakuna mji mwingine uliokuwa nayo. Na neno la baba lingekwenda kwa kadhi likiwa limekaa juu ya uongo wangu.

"Siyo," nikasema.

"Ile yaliaje?"

Nikasogea mezani nikagonga. Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Sikumaliza. Baba alinyosha mkono wake akamaliza mwenyewe, ta-ta, pole pole, kwa kidole chenye sugu la sindano. Akakiacha kidole pale juu ya meza.

"Hii ni yetu," akamwambia Mwalimu. "Ni twari."

Nikatoa yote: kengele, betri za jalalani, waya. Nilikuwa nasema na sakafu. Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma jibu la hesabu ambalo si lake.

"Na hii ya sasa?" akaniuliza.

"Wallahi si mimi. Mimi niko hapa."

"Umemweka nani juu?" baba akauliza.

"Sikumweka mtu. Wallahi, baba."

"Mwezi huu umeapa mara ngapi?"

Akatoka, akavuka ujia, akapanda darini kwetu. Akarudi na kengele mkononi. Mtu hakumkuta, lakini akasema vijana wenzangu ni wepesi wa miguu, na paa zetu zimegusana. Hilo ni kweli. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

"Bwana Mwalimu, niwie radhi. Mwana huyu ni wangu. Kwa kadhi sendi tena."

Asubuhi akanipeleka kituoni. Niliyasema yote mbele ya sajini, kengele ikiwa juu ya meza yake, naye akanitaka nimwonyeshe. Nilipogusisha betri, redio ya kituo ikakoroma. Sajini akacheka mpaka akashika ubavu, akawaita wenzake, nikagusa tena. Hapo ndipo mzaha wangu ulipopata watu wake. Baba alisimama mlangoni, kofia yake mkononi, akitazama nje. Sajini akampelekea Mwalimu habari kwamba hana neno naye, aendelee na betri zake.

Mwalimu hakuendelea. Ijumaa ile aliukata waya mwenyewe, akauzungusha kwenye kijiti. Mashua iliondoka bila yeye, naye akabaki Amu, na sijui kama kubaki kulikuwa afadhali. Shuleni kila akipita, vijana wanagonga madawati: ta-ta-ta, ta-ta-ta, ta-ta. Nilimpiga mmoja ngumi. Haikusaidia, waligonga kwa nguvu zaidi. Siku moja akanikuta peke yangu nafuta ubao.

"Ile ya mwisho," akasema. "Niambie kweli."

"Si mimi, Mwalimu."

"Ningependa ingekuwa wewe," akasema. "Ningeweza kulala."

Nikamwambia aunge waya tena, asikilize. Akasema akisikia atamwambia nani? Watamuuliza ni ngoma gani safari hii.

Baba hakunipiga. Alinyamaza nami, na nyumba yetu ni ya kuta nene, ukimya hukaa. Nikawa nateka maji kisimani bila kuambiwa, nafagia, naosha sufuria, mambo ambayo yalimtia mama wasiwasi kuliko utundu wangu. Ndipo alaasiri moja, baba yuko dakani na kofia zake, mama akanifuata kisimani uani. Aliangalia mlangoni kwanza. Alisema kwa sauti ndogo, na nilikatazwa nisiyaseme kwa mtu, kuandika hakukutajwa. Alisema hivi:

"Yuu ya dari hapakuwa na mtu. Mimi nalikuwako, naanua nguo na kupunga upepo, tangu walipokwenda kusali maghribi hata babako alipopanda, na nalishuka kwa ngazi ya uani nikimsikia yuwaja. Nimekusadiki, mwanangu. Lakini babako ukimwambia, atakwenda kwa kadhi, na mji umekwisha kucheka. Basi usimwambie mtu kuwa nimekusadiki. Shika ndoo."